Baiskeli Iliyozaa Bendi

Ndugu msomaji, kuna swali ambalo mzazi akiulizwa na mtoto wake hulijibu upesi, kisha hujuta polepole. Swali lenyewe ni hili: "Baba, nataka kupiga muziki. Utaniruhusu?" Wengi wetu husema "La!" hata kabla mtoto hajafunga kinywa. Juma hili nimeona niliweke swali hilo mbele yako, kwa kuwa nimelikuta likikaribia kuivunja nyumba ya watu huko Kasumulu, Wilaya ya Kyela.

Kwa asiyepafahamu, Kasumulu ni mji mdogo wa mpakani, mwisho wa barabara itokayo Mbeya na Tukuyu. Mto Songwe ndio unaotutenga na ndugu zetu wa Malawi. Ni mto mkorofi. Nyakati za mvua kubwa hufurika, na mara nyingine huuacha mkondo wake wa zamani na kuchimba mwingine, hata shamba lililolala ng'ambo hii likaamkia ng'ambo ile. Watu wa hapo wamekwisha kuuzoea. Wanyakyusa wa upande huu na Wangonde wa Karonga wanasikilizana lugha, wanaoana na kuzikana, na siku ya gulio ni vigumu kumtambua nani katoka wapi, mpaka atakapotoa noti ya kulipia.

Nilifika Kasumulu jioni ya Jumamosi, nikapanga chumba kwa mama mmoja ambaye biashara yake ni mchele. Alinipokea kwa "Mugonile" ya heshima, akaniandalia chakula, na kabla sijanawa mikono nikasikia kishindo kutoka chumba cha uani. Ilikuwa ngoma, lakini si ngoma ya kuwambwa kwa ngozi. Ilikwenda mbio kama mvua juu ya bati, na juu yake palikuwa na sauti ya kijana akiimba kwa lugha mchanganyiko, Kinyakyusa kidogo, Kichewa kidogo, na Kiswahili cha mjini.

"Hao ndio wanaotaka kuniua kabla ya siku zangu," mama akasema, ila uso wake haukuwa na hasira.

Walikuwa vijana watatu. Wa kwanza ni mtoto wake wa mwisho, aliyemaliza kidato cha nne. Wa pili ni fundi wa simu mwenye meza yake ndogo karibu na kituo cha mabasi, na ndiye mwenye kompyuta. Wa tatu, yule mwimbaji, ni kijana wa upande wa Karonga anayevuka kila mwisho wa juma. Walikuwa na kinanda kidogo cha umeme kilichokwisha kutumika, kompyuta iliyofungwa utepe pembeni isimwage matumbo yake, na spika moja. Walikuwa wamekwisha kualikwa kwenye harusi mbili na kipaimara kimoja.

Baba mwenye nyumba alikuwa ametoa amri: mwisho wa mwezi ama kile kinanda kitoke, ama kijana atoke. Mama alikaa kitako mbele yangu, akaniuliza: "Mwanangu, wewe unaandika magazetini na umetembea. Niambie kweli. Jambo hili ni kazi, au ni upuuzi?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nilimwahidi kwamba nitamjibu katika ukurasa huu. Hivyo, ndugu msomaji, vumilia nikiongea na mama wa Kasumulu. Nawe chukua utakachokiona kinakufaa.

Muuza samani

Mama, ukivuka daraja la Songwe ukapita Karonga, kisha ukafuata barabara ya kusini kwa zaidi ya kilomita mia mbili, utafika Mzuzu, mji mkubwa wa kaskazini ya Malawi. Huko ndiko alikozaliwa Esau Mwamwaya. Sidai kwamba ni ndugu yako, ijapokuwa jina lenye "Mwa" mwanzoni si geni kwa sikio la mtu wa Kyela. Alikulia Lilongwe, na katika ujana wake alikuwa mpiga ngoma. Alipiga na bendi kadhaa, na pia pamoja na Evison Matafale, mwimbaji wa rege aliyependwa sana nchini humo.

Mwaka 1999 Mwamwaya alikwenda kuishi London. Huko hakupokewa na maua wala matarumbeta. Alitafuta riziki kama atafutavyo mhamiaji yeyote, na hatimaye akawa na duka la samani zilizokwisha kutumika katika mtaa wa Clapton, mashariki ya mji huo: viti, meza, makabati, na vikorokoro vingine ambavyo mwenye navyo wa kwanza alikwisha kuvichoka.

Katika barabara hiyo hiyo kulikuwa na studio ya vijana wawili waliojiita Radioclit. Mmoja ni Mfaransa, Etienne Tron. Wa pili ni Mswidi, Johan Karlberg, ambaye wengi humjua kwa jina la Johan Hugo. Kazi yao ilikuwa kutengeneza muziki kwa mitambo na kuupiga katika kumbi za dansi. Siku moja Tron aliingia katika duka la Mwamwaya akanunua baiskeli. Mnunuzi na muuzaji wakazungumza, mazungumzo yakazaa urafiki, na wale wawili wakaja kugundua kwamba jirani yao muuza viti alikuwa mpiga ngoma, tena ana sauti ya kuimba. Wakamkaribisha studio.

Basi hapo ndipo lilipozaliwa kundi la The Very Best. Halikuzaliwa katika chuo cha muziki, wala hapakuwa na tajiri aliyetoa mtaji. Kilichokuwapo ni baiskeli, na watu watatu wa nchi tatu waliokuwa wakipishana katika barabara moja.

Mwaka 2008 walitoa mkusanyo wao wa kwanza wa nyimbo, wakaugawa bure kwa njia ya intaneti. Mwaka 2009 ikatoka santuri yao ya kwanza, Warm Heart of Africa, yaani moyo mkunjufu wa Afrika, jina ambalo Malawi hujitangazia kwa wageni. Katika wimbo wenye jina hilo hilo ameshiriki Ezra Koenig, mwimbaji wa bendi ya Kimarekani ya Vampire Weekend. Na Mwamwaya aliimba kwa lugha gani? Kwa Kichewa! Watu wa Ulaya na Marekani, ambao hawajui Kichewa hata neno la kuombea maji, walicheza.

Nakuomba, mama, uangalie jambo moja. Mwamwaya hakuangukiwa na kipaji kutoka mawinguni siku ile ya baiskeli. Alikuwa amekwisha kupiga ngoma kwa miaka. Bahati ilipogonga mlango ilimkuta mwenye nyumba yumo ndani. Tena ilimkuta akiwa na duka na ajira yake mwenyewe. Hakuwa amelala kitandani akiota kuwa nyota. Hilo naomba umwambie mwanao na wenzake. Fundi wa simu asiifunge meza yake. Muziki unaolishwa na kazi huishi muda mrefu kuliko muziki unaodaiwa ulishe tumbo tangu siku ya kwanza.

Mashine na mkono

Nasikia baba mwenye nyumba husema: "Huo si muziki. Ni mashine inajipigia yenyewe." Hoja hiyo si yake peke yake. Hata hapa mjini nimeisikia kwa watu wenye elimu zao.

Kwa heshima zote, nasema mashine haijipigii. Mtengenezaji wa muziki wa mitambo huanza na ukimya, kama mwashi anavyoanza na uwanja mtupu. Huchagua mlio wa ngoma, akaupanga pigo kwa pigo. Juu yake hutandika besi, kisha kinanda, kisha sauti ya mwimbaji. Pengine hukata kipande kidogo cha sauti, kiwe cha filimbi, cha mlango, au cha mtoto anayecheka, akakirudiarudia mpaka kikawa mdundo. Kila tabaka lina kiasi chake. Likizidi wimbo unachafuka, likipungua unapwaya. Mpishi wa wali wa Kyela anaijua kazi hiyo: moto ni ule ule na mchele ni ule ule, ila mikono haifanani.

Wala si mara ya kwanza kwa watu wa pwani ya Ziwa Nyasa kuchukua chombo cha mgeni na kukifanya chao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, askari na wapagazi waliorudi makwao walikuwa wameona gwaride na bendi za kijeshi. Ngoma ya beni, iliyokwisha kuanza kwenye miji ya pwani ya Bahari ya Hindi, ikaenea bara. Huko ng'ambo, kando ya ziwa, ikazaa mganda na malipenga. Wachezaji hujipanga safu kama askari, wakiwa na vyeo vyao, na badala ya matarumbeta ya shaba hupuliza vibuyu. Leo malipenga huitwa ngoma ya asili, na anayeyadharau huonekana hana adabu. Lakini wakati wake ulikuwa muziki wa vijana walioiga mambo ya kizungu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa magitaa ya umeme yaliyoingia katika bendi zetu za dansi. Ndivyo ilivyokuwa tena mjini Dar es Salaam, vijana wa mitaa ya wanyonge walipochukua kinanda kidogo cha Casio, ambacho kwa wenye uwezo kilikuwa kitu cha kuchezea watoto, wakakiunganisha na ngoma na vipaza sauti vikuukuu, wakapata mchiriku. Kundi moja la mchiriku, Jagwa Music, lilitoa santuri yake, Bongo Hotheads, kwa kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji mwaka 2012.

Na baada ya mchiriku ikaja singeli. Wasiokuwa wapenzi wake huiita kelele, na kwa kweli mwendo wake ni wa kutisha. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Singeli hupiga mara 200, na mara nyingine hufika 300. Kwa muda mrefu iliitwa ngoma ya wahuni. Lakini vijana wa studio ya Sisso, katika mtaa wa Mburahati, waliitengeneza kwa kompyuta za kawaida kabisa, na mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyo wa kazi zao uitwao Sounds of Sisso. Tangu hapo wasanii wa singeli wamesafiri kupiga katika matamasha ya Ulaya. Lililonivutia mimi katika habari hiyo si Ulaya. Ni kwamba studio ilikuwa mtaani, na waliojifunza humo walijifunza kwa kukaa pembeni ya mwenzao aliyetangulia, kama mwanafunzi wa fundi seremala anavyokaa pembeni ya fundi wake. Huo ndio ufundi, mama. Ni kazi.

Kiini cha ugomvi

Laiti ningeishia hapo, ningekuwa nimeandika makala ya kuwasifu vijana, na baba mwenye nyumba angeonekana mkaidi. Lakini asubuhi ya Jumapili, kabla ya kupanda basi, nilimkuta mzee akinoa jembe lake chini ya mwembe. Nikamwamkia, nikakaa. Tukazungumza habari za mvua na bei ya kakao, mpaka mwenyewe akayagusa yale yaliyonileta.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe unadhani mimi naichukia ngoma? Mimi nimecheza ngoma tangu sina ndevu. Kinanda kile, unajua kimenunuliwa kwa fedha gani?"

Ndipo nikaambiwa. Zilikuwa fedha za kuwalipa vibarua wa kupalilia mpunga. Mzee alimkabidhi kijana azipeleke shambani, naye akapanda gari la kwenda Mbeya na kurudi na kinanda kwapani. Palizi ikachelewa, magugu yakauzidi mpunga sehemu ya chini ya shamba, na mzee akalazimika kwenda kwa jirani yake kukopa. "Kukopa kwa jirani ambaye mwaka jana alikopa kwangu," akasema, akaendelea kunoa.

Mama hakunieleza hayo. Wala simlaumu, maana mama huficha aibu ya mwanawe kama kuku anavyoficha vifaranga. Lakini nilipoyasikia nilitambua kwamba nilikuwa nataka kujibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Ugomvi wa nyumba ile si wa muziki. Ni wa uaminifu. Kile kinanda, kila kinapolia, mzee hasikii wimbo, anasikia magugu.

Ndugu msomaji, ni nyumba ngapi miongoni mwetu zinagombana kwa jina la jambo moja ilhali kidonda kipo mahali pengine? Tunasema "Sipendi marafiki zako", kumbe maana yetu ni "Ulinidanganya". Tunasema "Muziki ni uhuni", kumbe maana yetu ni "Rudisha kilicho changu, uniombe radhi".

Sasa rudi nami Clapton. Urafiki wa wale watatu ulianza kwa jambo dogo lililokuwa halali: mmoja alitoa baiskeli, mwingine akalipa. Kila mmoja alitoka pale akiwa na haki yake mkononi. Juu ya msingi huo waliweza kujenga. Hata bendi hiyo haikukosa mitihani. Ilipotoka santuri ya mwaka 2012, Tron alikuwa amekwisha kuondoka, wakabaki Mwamwaya na Johan Hugo. Waliiita MTMTMK, herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba Malawi ina mengi zaidi ya watoto waliochukuliwa na Madonna, yule mwimbaji wa Marekani aliyewalea watoto wa nchi hiyo. Na mwaka 2015 walitoa nyingine, Makes a King, waliyoirekodi katika kijiji cha M'dala Chikowa, huko huko Malawi. Kundi lililozaliwa ughaibuni lilirudi kijijini kutafuta sauti yake.

Basi nawaeleza vijana watatu wa Kasumulu, na wengine wa namna yao popote walipo, mambo manne.

La kwanza, lilipeni deni la palizi. Fedha zote za harusi ijayo na ile itakayofuata ziende mkononi kwa mzee, naye mwana azipeleke mwenyewe, kwa magoti yake, si kwa kumtuma mama. Kinanda hakitakuwa chenu mpaka siku hiyo.

La pili, andikianeni. Bendi nyingi hazivunjwi na wivu wa mashabiki. Huvunjwa na shilingi isiyojulikana ni ya nani. Kinanda ni cha nani? Kompyuta ikiharibika atalipa nani? Malipo ya shughuli yatagawanywa vipi, na mmoja akitoka ataondoka na nini? Karatasi moja na sahihi tatu zinatosha, na ziandikwe wakati mkipendana.

La tatu, fuateni sheria. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1984, na hapo ndipo msanii hujisajili. Haki za nyimbo zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi ya kuiendea ni COSOTA. Nawe kijana wa Karonga, vuka kwa daraja na hati zako mkononi. Mto unaweza kuhama usiku pasipo ruhusa, wewe huwezi.

La nne, wekeni saa. Mgonjwa, mtoto mchanga, na mtu aliyeshinda shambani, hao nao wana haki ya usiku.

Kwako baba, nakuomba kwa unyenyekevu. Deni likianza kulipwa, iondoe ile amri. Umwekee kijana siku mbili kwa juma, naye akupe siku zake za shamba pasipo kusukumwa. Na siku moja, hata iwe moja tu, ingia chumba kile cha uani, keti juu ya gunia, usikilize wimbo mzima. Wewe umecheza ngoma tangu huna ndevu. Hakuna hakimu aliye bora kuliko wewe wa kuwaambia pigo lipi limelegea.

Kwako mama uliyeniuliza, jibu langu ni hili: ni kazi. Haijawa kazi ya kulisha nyumba, na huenda isiwe kamwe, maana kwa kila bendi moja inayosikika ziko nyingi zilizozimika pasipo mtu kujua. Lakini si upuuzi. Upuuzi ulikuwa ile safari ya Mbeya, na huo dawa yake ipo.

Basi lilipoanza kuondoka, mama alinikimbilia na kifuko cha mchele, akanipitishia dirishani. Sikujua wakati ule kama ni zawadi au ni malipo ya jibu ambalo sijalitoa. Mchele tumeupika, na harufu yake imefika kwa majirani. Ndaga fijo, mama. Jibu lako ndilo hili.

Tukutane Jumapili ijayo.